Kustrimu muvi au kwenda laibrari ya mtaani, ipi inakufaa wewe?

Hili swali naulizwa sana na ndugu na majirani. Mtu kanunua tivi bapa yake safi, simu anayo, alafu anauliza sasa nilipie Netflix niwe nastrimu, yani kuangalia muvi kwa intaneti, au niendelee tu kujaza flashi laibrari, kile kibanda cha muvi cha yule kijana wa pale stendi. Wengi wanajibiwa haraka haraka kwa kuangalia ada ya mwezi, wanaambiwa ada ni ndogo kuliko hela unayoacha laibrari ukijumlisha mwezi mzima, basi imeisha hiyo, lipia. Mi nasema ngoja kwanza. Ada ndo kitu kidogo kuliko vyote kwenye hesabu hii. Kinachokula hela ni bando, na kinachoamua kama utafurahi au utajuta ni unaangalia muvi za aina gani na unaangalia na nani. Nitaeleza kama ninavyoona hapa Dar, na wa Nairobi na Mombasa mtajikuta humo humo maana zile muvi shopu zenu na laibrari zetu ni baba mmoja mama mmoja.

Laibrari ya sa hivi siyo ile ya mikanda, ile ya kuacha kitambulisho ukaazima mkanda wikiendi ukichelewesha unapigwa faini. Deki za mikanda zilikufa zikaja CD, zikaja DVD zile za kumi na mbili kwa moja ambazo ukifika muvi ya nane picha inaganda unatoa sahani unaipangusa na kanga unarudisha inaganda pale pale, na leo kukodi sahani kumebaki kidogo sana, kazi kubwa ni kurushiwa muvi kwenye flashi au memori kadi. Unaingia unakuta kompyuta moja, hadi diski za nje mbili tatu zimepangwa juu ya meza, ukutani makava ya muvi yamepauka kwa jua, na kwenye skrini mafolda yameandikwa kwa herufi kubwa, MPYA KALI, KIHINDI, KIKOREA, ZA DJ, BONGO, KATUNI. Unachomeka flashi, unachagua, unalipa, unaondoka na haurudishi kitu. Yani kukodi kumegeuka kuwa kununua, na ule ugomvi wa faini umeisha wenyewe.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanapenda kutoa mfano wa Marekani, wanasema Blockbuster ilikufa kwa hiyo na laibrari za huku siku zake zinahesabika. Ni kweli Blockbuster ilianza Dallas mwaka 1985, ikafika maduka kama 9,000 mwaka 2004, ikaomba kufilisika 2010, na duka lililobaki na jina hilo ni moja tu lipo mji wa Bend, jimbo la Oregon. Lakini angalia iliuliwa na nini. Faini za kuchelewesha zilikuwa zimewachosha watu, mwaka 2000 kampuni iliingiza karibu dola milioni 800 kwenye faini peke yake, na wakati huo huo Netflix ambayo ilianzishwa 1997 kazi yake ilikuwa ni kukodisha DVD kwa posta, wakaondoa faini, kustrimu wakaanza 2007, na hizo DVD za posta waliziacha kabisa Septemba 2023. Alafu mteja wa kule intaneti ya nyumbani kwake analipia mwezi mzima, hapimiwi GB kwa GB. Sisi wengi wetu intaneti tunainunua kama mafuta ya kula ya kupima dukani, leo kiasi hiki, kesho kiasi kile, na muvi ndo kitu kinachokunywa kuliko vyote. Kwa hiyo mfano wa Marekani usiubebe mzima mzima.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba usome taratibu.

Netflix wenyewe wanatoa makadirio ya matumizi ya data. Ukiweka kiwango cha chini unakula mpaka GB 0.3 kwa saa, cha kati GB 0.7 kwa saa, ukiweka cha juu kwa picha ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa, na ile 4K GB 7 kwa saa. Chukua muvi ya saa mbili. Kiwango cha kati ni GB 1.4, HD ni GB 6. Bei elekezi ya bando iliyowekwa 2021 na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilikuwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja, tuchukue ile ya chini kabisa ili tusiionee strimingi, maana yake GB moja ni kama buku mbili. Muvi moja kwa kiwango cha kati ni kama Sh 2,800, na kwa HD ni kama Sh 12,000. Muvi moja hiyo, na ada ya mwezi bado hatujaigusa. Laibrari ya mtaani kwetu muvi ni jero, yani Sh 500, ukichukua nyingi anakupunguzia, na sizoni nzima inaenda kati ya buku na buku tatu kutegemea na urefu. Sizoni ya episodi kumi za dakika 45 ni saa saba na nusu, ukiistrimu kwa kiwango cha kati ni zaidi ya GB 5, yani kama elfu kumi na kitu, kwa HD ni GB 22 na ushee, elfu arobaini na tano hiyo, mtu anaweza akalia.

Lakini usikimbilie kuhukumu bado. Kwenye simu kuna mpangilio wa kubana data, na Netflix wanasema ukiuweka GB moja inakupeleka kama saa sita. Ile sizoni ya saa saba na nusu inashuka mpaka GB 1.25, kama Sh 2,500, na muvi ya saa mbili inakuwa kwenye Sh 700 hivi. Hapo tofauti na laibrari imekaribia kuisha kabisa, ukitoa ada. Kwa hiyo mtu anayeangalia peke yake kwa simu, kajilaza kitandani na ear foni masikioni, strimingi inaweza kumfaa hata kwa bando la kawaida. Mtu anayetaka kuangalia kwenye tivi ya inchi 43 sebuleni na familia, kwa bando la kununua, hapana, atafilisika, na akibana data kwenye tivi kubwa picha inakuwa ukungu, sura ya steringi haionekani vizuri.

Na kama una waifai ya kulipia mwezi ambayo haina ukomo hesabu yote inageuka juu chini. Tuseme umepewa bei ya elfu sabini kwa mwezi na hiyo intaneti ungekuwa nayo tu hata usingeangalia muvi, kwa ajili ya kazi au watoto wa chuo, basi usiihesabu kwenye muvi, ihesabu kama luku na maji. Unabaki na ada ya strimingi peke yake, na hapo laibrari haiwezi kushindana kwa nyumba inayoangalia kila siku. Ila kama unataka kuvuta waifai kwa sababu ya muvi tu, elfu sabini kwa jero jero ni muvi 140, jiulize kweli kama nyumba yako inaangalia muvi 140 kwa mwezi. Mi siijui nyumba ya hivyo.

Kuna njia ya kati ambayo watu wanaisahau, kushusha. Apu nyingi za strimingi zinakuruhusu kushusha muvi kwenye simu ukiwa kwenye waifai ya ofisini au chuoni, au kwa bando la usiku ambalo bei yake ni nafuu, kesho yake unaangalia kwenye daladala bila kutumia hata MB moja. Ila jua masharti yake, ulichoshusha Netflix siyo chako, vingine vinakufa baada ya siku saba, vingine ukishabonyeza kuanza kuangalia una saa 48 tu. Na muvi yenyewe inaweza kuondolewa mkataba wao na mwenye muvi ukiisha, leo ipo kesho haipo. Flashi ya laibrari haina habari hizo, muvi ikiingia imeingia mpaka uifute mwenyewe au mtoto aitumbukize flashi kwenye ndoo ya maji.

Intaneti yenyewe nayo. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Durban na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine, siku kadhaa kila kitu kinazunguka tu. Haitokei kila wiki, lakini ilionesha wazi kwamba nyumba yenye hadi diski iliendelea kuangalia muvi kama kawaida. Umeme ukikatika wote tunalala, tofauti ni kwamba mwenye muvi aliyoishusha kwenye simu anaendelea.

Sasa niongee kuhusu kile kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko bei, nacho ni lugha. Nyumba nyingi za huku haziangalii muvi za nje kwa Kiingereza na maandishi chini, zinaangalia za kutafsiriwa. Sisi tumekua na sauti ya Lufufu kwenye mabanda ya video, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo, na ile siyo tafsiri ya neno kwa neno, yule mtu anakusimulia, anakutambulisha kwa mhusika, anampa adui jina la mtaani, anakukumbusha huyu ndo yule aliyemuua mdogo wake kule mwanzoni. Bibi ambaye hajui Kiingereza na macho yake hayasomi tena maandishi madogo anafuatilia muvi ya Kichina mwanzo mpaka mwisho na kesho yake anawasimulia wenzake. Hii kitu kwenye apu kubwa za strimingi hamna. Wana maandishi ya chini na wana sauti za lugha nyingi, lakini msimuliaji wa aina ile, wa kwetu, kwa Kiswahili cha kwetu, hayupo. Kama nyumbani kwako wanaangalia za DJ, usijisumbue kulipia Netflix kwa ajili yao, hawataiangalia, utakuwa unaangalia peke yako na hao wengine wanakuuliza alafu sasa kasemaje hapo.

Wewe unayeelewa Kiingereza, au unafuatilia sizoni mpya na unataka episodi siku ile ile inayotoka, strimingi inashinda bila ubishi. Laibrari lazima isubiri mtu aishushe mahali, aisambaze, ifike Kariakoo, ifike mtaani. Na zile za haraka haraka mara nyingi zimerekodiwa ukumbini na kamera, unaona kichwa cha mtu kinapita mbele ya picha, sauti imezama, mtu wa pembeni anakohoa. Mi siku hizi nikiambiwa muvi imetoka wiki hii naacha, nasubiri kopi safi, na nakushauri na wewe uulize kabisa kabla hajaanza kukurushia, hii ni ya ukumbini au ni kopi safi, kijana mwaminifu anakwambia.

Na kuhusu huyo kijana. Watu wanachukulia poa lakini ujuzi wake ni mali. Apu inakupangia kutokana na ulichoangalia, ukiangalia muvi moja ya vita basi wiki nzima ni vita tu. Mtu wa laibrari anakujua. Anakwambia, "Dada, hii usichukue, mwanzo mzuri ila mwisho wamewahi kukata, chukua hii ya Kifilipino mama atalia mpaka basi." Anajua mama yako anapenda nini, anajua watoto wako wa umri gani, anajua sizoni gani uliishia episodi ya ngapi. Kwenye apu unaweza ukatumia nusu saa nzima unashuka chini unapanda juu mpaka usingizi unakuja hujachagua kitu. Siyo wote wako hivyo, kuna wengine anakujazia tu flashi kwa fujo ili hela iongezeke, ila ukimpata mzuri mshike.

Sasa kuna jambo ambalo lazima lisemwe wazi, na mi naliona linauma. Muvi nyingi zilizopo kwenye zile hadi diski zimenakiliwa bila ruhusa ya mwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, na tangu 2013 TRA wanataka CD na DVD za muziki na filamu ziwe na stempu ya kodi. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo wakilalamikia muvi za nje zinazouzwa bila kufuata utaratibu wakati wao wanalipa kodi. Ukimlipa kijana jero kwa muvi ya Bongo aliyoinakili kwenye flashi, mwigizaji, mwandishi, mshika kamera, mtu aliyekodisha nyumba ya kurekodia, hakuna hata mmoja anayeona shilingi. Ukilipia strimingi ya halali au ukiangalia kwenye chaneli ya YouTube ya mwenye kazi, kitu kinamfikia, hata kama ni kidogo. Kwa muvi za kwetu mi sioni sababu ya kuzichukua kwa flashi, sizoni nyingi za Bongo wenyewe wanaziweka YouTube bure, unaweka ubora wa 360 au 240, data inakuwa kidogo tu, unavumilia matangazo, na mwenye kazi anapata cha kwake. Kama hutaki YouTube, Azam wana apu yao ya AzamTV Max. Na kama laibrari yako bado inauza CD halisi za Bongo zenye stempu, nunua hizo, angalia stempu kwenye kava kabla hujatoa hela.

Nataka nieleweke hapa, simchukii kijana wa laibrari, kajiajiri, ana watoto, na kwa miaka mingi yeye ndo aliyefikisha muvi uswahilini ambako hakuna ukumbi wa sinema wala mtu mwenye kadi ya benki. Ila msanii naye ana watoto. Kwenye upande huu strimingi iko juu na sitaki kuficha.

Watoto ndo jambo lingine la kuwa makini. Kwenye Netflix unatengeneza profaili ya mtoto, unachagua umri, unaweka namba ya siri kwenye profaili ya wakubwa, mtoto haoni kitu kisichomfaa. Flashi haina ulinzi wowote. Umeomba katuni, kijana kaburuta folda zima, ndani yake kuna kitu cha ajabu, mtoto wa miaka sita kaachiwa rimoti. Kama unachukua laibrari kwa ajili ya watoto, kaa hapo hapo dukani ufungue kila faili uangalie hata sekunde chache, au ukifika nyumbani fungua kwenye kompyuta kwanza, usimpe mtoto flashi moja kwa moja. Hilo halina mjadala.

Mambo ya flashi yenyewe nayo yanawasumbua watu na yana majibu rahisi. Tivi inasoma flashi lakini muvi inatoa sauti tu picha nyeusi, hiyo mara nyingi faili limebanwa kwa H.265, mtindo mpya wa kubana video, na tivi yako au king'amuzi chako ni cha zamani hakiijui, mwambie akupe ya H.264 ya MP4. Muvi kubwa inagoma kuingia wakati flashi ina nafasi kibao, hiyo flashi imefomatiwa FAT32 na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4, ifomati upya exFAT kama tivi yako inaikubali, au chukua kopi ndogo. Na virusi, zile kompyuta zinachomekwa flashi za mtaa mzima kutwa, flashi inarudi mafolda yote yamegeuka shotikati, kwa hiyo kuwa na flashi ya muvi peke yake, usipeleke ile yenye faili za kazini au ripoti ya chuo, na usiichomeke kwenye kompyuta ya ofisi kabisa. Flashi ya GB 32 inakutosha, inabeba muvi ishirini na zaidi za ukubwa wa kawaida.

Upande wa strimingi nako kuna mitego kwenye kuchagua kifurushi. Kile cha bei rahisi kabisa cha Netflix cha simu ni cha simu na tableti tu, kifaa kimoja kwa wakati, ubora wa 480, na hakirushi kwenye tivi, watu wengi wanakinunua wakidhani watachomeka kwenye tivi wanakuja kukasirika. Basic ni kifaa kimoja lakini tivi inaruhusiwa, Standard vifaa viwili, Premium vinne na ndo yenye 4K. Nyumba ya watu wanne yenye waifai ichukue Standard, 4K mi sioni faida yake kama tivi yako yenyewe siyo ya 4K. Bei zinabadilika, Februari 2023 waliwahi kushusha sehemu nyingi za Afrika, Kenya Basic ikatoka shilingi 700 mpaka 300 za kwao, na tangu hapo zimekuwa zikicheza, kwa hiyo angalia bei ya siku hiyo unayotaka kujiunga. Kwa Tanzania bei inatajwa kwa dola, dola ikipanda na ada yako inapanda bila mtu kukutaarifu. Ile ya kuchanga hela na marafiki akaunti moja kila mtu kwake nayo wameibana tangu 2023, wanataka watu wa nyumba moja. Kulipia siyo lazima uwe na kadi ya benki, kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa inafanya kazi, weka hela kabla ya tarehe ya kukatwa, na kama hutaki tena futa sabskripsheni yenyewe, kufuta apu kwenye simu peke yake hakusitishi makato.

Kwa hiyo ukinibana nikuchagulie. We mwanafunzi wa hosteli, simu ndo tivi yako, chuo kina waifai, nenda strimingi, shusha chuoni angalia chumbani, laibrari huihitaji. Familia yenye waifai isiyo na ukomo na watoto wadogo, strimingi tena, zaidi kwa sababu ya ile profaili ya watoto kuliko kitu kingine. Familia ya tivi moja isiyo na waifai, bando la kununua kwa wiki, wazee wanaopenda za kutafsiriwa, hapo laibrari na usione aibu, strimingi haijawatengenezea nyinyi kitu bado, ila muvi za Bongo chukueni CD zenye stempu au YouTube. Anayeishi kijijini ambako mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu, nunua hadi diski ya nje ya GB 500, ukija mjini ijaze mara moja, inakutosha mpaka mavuno. Na yule anayefuatilia sizoni moja tu inayotoka kila wiki na haangalii kingine chochote, usilipie mwezi hadi mwezi kwa ajili yake. Subiri sizoni iishe, lipia mwezi mmoja, imalize yote kwa simu kwa kubana data, futa sabskripsheni, urudi mwakani ikitoka nyingine.

Kama uko katikati huelewi uko kundi gani, chukua wiki moja, andika muvi zote mlizoangalia nyumbani, ngapi zilikuwa za kutafsiriwa, ngapi mliangalia wote pamoja kwenye tivi na ngapi mtu aliangalia peke yake kwa simu. Za tivi zipigie hesabu ya GB 0.7 kwa saa, za simu gawanya saa kwa sita upate GB, zidisha kwa bei ya bando lako mwenyewe, ongeza robo ya ada ya mwezi. Weka pembeni yake kile ulichompa kijana wa laibrari wiki hiyo hiyo, ulinganishe.